Tunahamia Chumba cha Nyuma

Baba Shiru,

Chai iko kwa themosi. Nimeenda kuvuna viazi kwa shamba la kina Nderitu, nitarudi jioni.

Asubuhi mwenye nyumba alipobisha ulijifanya umelala, na viatu vyako vinachungulia chini ya blanketi! Sijakasirika. Nilimwambia ukweli, kwamba kiwanda cha mbao kilikuachisha kazi na kodi imetushinda. Akasema, "Mama Shiru, hamieni kile chumba cha nyuma, kodi yake ni nusu. Deni mtalipa polepole." Nililia mbele yake.

~~Usimwambie Shiru.~~ Mwambie Shiru akitoka shule, yeye ni mkubwa sasa.

Anza kufunga vyombo, lakini kitanda usikibebe peke yako na huo mgongo. Ningoje, tutakibeba pamoja.

Mama Shiru