Kamba Aliyojifunga Elia

Carama, Bujumbura

Kwako Yaya Neema, dada yangu mkubwa,

Nakusalimia sana, wewe na watoto na mama. Mgongo wa mama unaendeleaje? Mimi mwili ni mzima. Barua hii anakuletea Mama Sifa, yule anayeleta mawese huku kupitia mpaka wa Gatumba. Nimemwambia asikupe kabla hajakukalisha chini na kumwita mama akae kando yako. Kama bado umesimama, Yaya wangu, kaa.

Elia hayupo tena. Mume wako amekufa kwenye maji, akiwa kazini. Nakumbuka ulivyoniambia mu simu: "Mwambie shemeji yako, kama amepata mwanamke huko Buja aseme tu, mi si mutoto." Nikakujibu kwamba rezo ni mbaya, sauti inakatika. Rezo haikuwa mbaya. Tulikuwa tunamtafuta, na kwetu hatuanzi kilio cha mutu ambaye hatujamwona kwa macho. Nilikata simu nikalia pale pale kwenye atelier ninapochomelea vyuma, mbele ya wateja. Hakuna mwanamke, Yaya. Nimelala naye chumba kimoja muda huu wote, hata soksi zake nilizijua kwa harufu. Ningejua.

Sasa nikueleze ilivyokuwa, maana watakuja watu na maneno yao.

Bosi wake ana boti ndogo ya mbao, anapeleka watu ziwani kuvua kwa starehe siku za wikendi. Akataka iwe ya kisasa, akaagiza vyombo. Kwanza mirija ya chuma ya kusimamishia fimbo za ndoana ubavuni, mtu asishike fimbo mkononi mchana kutwa. Hiyo niliichomelea mimi, Elia akatoboa mbao na kukaza nati kwa ndani. Halafu kulikuwa na mashine mbili ndogo za kuzamisha ndoana. Ni gurudumu lenye waya mwembamba wa chuma, na kwenye ncha ya waya linaning'inia tufe zito la madini ya risasi. Boti inatembea polepole, tufe linashuka na uzi wa ndoana mpaka kule kwenye baridi, wanakojificha samaki sangala wakubwa jua likiwa kali. Elia alifurahi sana. "Baba angeona hii," aliniambia, "angecheka mpaka aanguke."

Gurudumu lina breki. Fundi aliyeleta mashine alituonyesha kwamba breki iachwe legevu kidogo, ili tufe likinasa mahali waya ujifungue wenyewe, boti isivutwe. Siku ya kujaribu tufe likanasa kwenye mawe kweli. Waya ukakimbia wote, ukakatika, tufe likabaki chini. Bosi akafoka, lakini aliyeumia zaidi ni Elia. Unamjua mume wako. Wote wa ukoo wake wanavua hivyo: ndani ya mtumbwi kila kitu kina kamba yake, kopo la kutolea maji, nyundo, taa, hata sufuria ya ugali, kwa sababu kikianguka hakuna wa kukifuata.

"Apana," akasema. "Kitu yangu haibaki tena mu maji." Akaikaza breki kwa spana mpaka mwisho. Juu yake akaongeza kamba ya nailoni, kutoka kwenye mashine mpaka mbavu za boti. Nikamwambia, "Shemeji, fundi alisema iachwe." Akanicheka: "We ni mutu wa moto. Maji niachie mimi." Nikamwachia. Ningefanya nini, Yaya? Alikuwa mkubwa wangu, na maji aliyajua.

Siku ile walitoka watatu, bosi kwenye motori, mgeni wake, na Elia kwenye mashine. Karibu na mahali mto Rusizi unapoingia ziwani, upepo ukaamka. Tufe likanasa kwenye wavu wa zamani uliojaa matope, na safari hii waya haukukimbia. Ulishika. Boti ikainama upande wa nyuma. Bosi anasema Elia alijifunga kamba kiunoni, ncha nyingine kwenye ubavu wa boti, kama wanavyofanya kwao wakitaka kuinama nje. Akajaribu kulegeza breki kwa mkono, ikakataa. Akatoa kisu. Kwenye mtumbwi wa kwao kisu kingetosha, kwa sababu kwao ni kamba tupu. Waya wa chuma haukatwi na kisu. Wimbi likaingia nyuma, likafuata lingine, na boti ikaenda chini.

Bosi na mgeni walikuwa na jaketi za kuelea, wakaokotwa na wavuvi wa ndagala. Jaketi ya Elia ilikuwa chini ya kiti. Aliifunga kwa kamba ili isianguke majini.

Nina hasira naye, Yaya. Ninamlilia na ninamkasirikia kwa pamoja, usiku sipati usingizi kwa kubishana naye. Shemeji, kwa nini hukunisikiliza?

Tukamtafuta. Wazee wa pale ufukweni wakaniambia kwa upole nirudi nyumbani, kwamba upande ule una mamba, na wengi waliochukuliwa na maji pale mama zao hawana kaburi la kupeleka maua. Nikakaa tu. Kisha wavuvi wa mukeke wakagusa kitu kwa kasia: pua ya boti, chini kidogo ya maji. Haikuwa imeenda mbali. Tufe na wavu viliishikilia pale pale kama nanga. Na Elia alikuwa nayo, mwisho wa kamba yake. Mzima wa mwili, hakuna kilichomgusa. Ni yeye, nimemwona kwa macho yangu.

Polisi akataka kuikata ile kamba kwa kisu. Nikasema apana, kisu hapana. Nikapiga magoti kwenye mchanga nikalifungua fundo kwa kucha zangu. Maji yalikuwa yamelikaza vibaya. Watu wakasubiri, na hakuna aliyenikemea.

Ijumaa tunatoka naye, tukipata njia mpakani. Muanze kilio sasa, muweke matanga, kaka zake wachimbe karibu na baba yao. Mnisalimie mchungaji aliyewafungisha ndoa, ninaomba awepo. Mnisalimie mjomba fundi wa mitumbwi, na jirani yetu mama mkunga. Mama umshike mkono. Watoto uwaambie wewe mwenyewe, wasisikie njiani.

Kamba iko chini kwenye mfuko wa Mama Sifa, imefungwa kwenye kitenge. Usiikate. Na wakija wale wa kusema mume wako alipotelea kwa mwanamke Buja, usigombane nao. Waonyeshe hiyo kamba. Kila kitu ambacho Elia hakutaka kipotee alikifunga, na siku ile alijifunga mwenyewe. Anakuja, Yaya. Mtengenezee mahali.

Ni mimi mdogo wako,
Bahati