Kilemba cha Divai

Jumatatu. Jua kali, karafuu zinakauka vizuri uani, na miye moyo umenichafuka tangu asubuhi.

Kisa ni Seif, karani wa ofisi ya serikali mjini Chake. Anamposa mjukuu wangu Mize, ambaye babake keshakufa, kwa hiyo neno la mwisho ni langu. Jana kaleta watu kunambia leo anakuja na kilemba, ile zawadi ya mlezi wa binti. Nikipokea, Mize kaolewa. Nisipopokea, yamekwisha.

Mize mwenyewe kanambia jikoni: "Babu, miye sijapata hata kusema naye. Nitazamie tu kama ni mtu wa kweli. Uzuri wa kanzu nimeshauona."

Basi kaja. Kanzu imepigwa pasi mpaka inakata. Kilemba chenyewe si kitambaa wala si pesa. Ni chupa, kaifunga gazeti.

Divai!

Ati kapewa na bwana wake Mzungu aliyehamishwa. Kizibo kishafunguliwa zamani, mdomo umeshindiliwa kitambaa, na chupa imekaa kabatini ofisini kaskazi nzima, na joto lake lote. Makombo ya Mzungu ndiyo heshima yangu miye.

Haya, nikamwachia uwanja.

"Mzee Faki," kanambia, "hii si kama tembo lenu la mnazi. Hii inaitwa kwa jina la kijiji ilikotoka, na mwaka wake unaandikwa. Kila ikikaa inapanda cheo."

Tembo la Pujini nalijua, la Kiuyu nalijua. Ujanani sikuwa malaika. Sikuona hata moja lililobandikwa karatasi. Na ukililaza halipandi cheo, linachacha, linakwenda kwenye achari.

Halafu kaanza kunisomesha kunywa. Unaizungusha gilasi. Unatia pua. Unaonja kidogo, unasukutua, unatema.

"Na miguu munaosha lini kwenye udhu huo?" nikamuuliza.

Hakucheka. Watu wa ofisini hawacheki mpaka bwana wao aanze.

"Basi onja weye, mwanangu, utwambie," nikasema. "Miye mzee, kaburi lanitazama." Tulikuwa wawili tu kwenye baraza ya uani, na Mize nyuma ya mlango.

Kafungua. Harufu ikanifuata nilipokaa, ikanichoma pua. Siki! Siki tupu. Hata paka aliyelala kando yangu kaondoka.

Seif kazungusha, katia pua, kaonja. Machozi yakamlengalenga, shingo ikamkakamaa, katema karibu na karafuu zangu. Nikamngoja. Wallahi hapo nilimtakia mema. Angesema tu, "Mzee, imeharibika," tungecheka pamoja, na Mize ningempa.

"Tamu," kasema. "Ya kizungu hasa. Ulimi usiozoea hauijui."

Nyuma ya mlango nikasikia mtu anakohoa, na si kikohozi.

Nikaitia chupa mkononi mwake. "Mwanangu, mtu machozi yanamtoka kwa ukali naye asema tamu. Mkewe atamwamini kwa lipi? Nenda nayo."

Kaenda, kaibana kwapani kama mtoto mchanga, wala hakuaga.

Uongo wote huo kwa ajili ya Mzungu aliyekwisha ondoka! Wala hausemi mbele yake, maana hayupo. Anausemea uvuli wake. Na kesho atakaa mezani, aniandikie vibali vya kuuza karafuu, miye nimwite bwana.

Mke wangu, Bi Asha, hasemi nami tangu adhuhuri. Neno lake la mwisho lilikuwa hili: "Umemfukuza mwenye mshahara, na siki nayo umeiachia iende!"

Mize kacheka mpaka kakaa chini. Kisha kainuka. Sasa yuko uani anageuza karafuu, mgongo kanipa.

Nilimkataa yule kwa ajili yake, au kwa raha ya kumcheka karani?

Kesho nitamuuliza mwenyewe, kabla bibi yake hajaniwahi.