Ubao Niliong'arisha

Jumatatu, 3 Machi

Wiki ya tatu hapa kwenye banda la mbao. Si mbao zangu — hizi ni za kupandia mawimbi, nyepesi kama mkate, hazina hata mshipa wa mti. Miaka thelathini na moja nimepiga msasa makabati na meza za watu. Karakana ikafungwa. Sasa kazi yangu ni kukaa kwenye stuli na daftari: ubao namba fulani umetoka, ubao namba fulani umerudi. Binti yangu ndiye aliyeniombea. Mwenye banda, tunayemwita Mama Mbao, alinipokea vizuri, ila siku ya kwanza alinipa onyo moja. Mzee wangu, mbao usiziguse, wa kuzigusa yupo, Kinyozi.

Kinyozi kweli alikuwa kinyozi. Siku hizi anaziba nyufa na kupaka nta. Mtu wa makamo, ana mke na watoto wawili, na mdomo hauna breki. Leo amesema ninavyokaa na daftari nafanana na karani wa mochwari. Nimecheka. Lakini mikono inaniwasha.

Alhamisi, 6 Machi

Kesho mwanangu, binti huyo huyo aliyeniombea kazi, anafanya mtihani wa ualimu. Akipita, anaachana na kufua taulo za wateja hapa bandani, anaanza kufundisha watu kusimama juu ya mawimbi. Miaka miwili anaungoja mtihani huu.

Mchana banda lilikuwa tupu. Kinyozi alikwenda kufuata gundi. Ubao wa mwanangu uliegemea ukutani, nami nikautazama kwa karibu kwa mara ya kwanza. Aibu! Nta yote vinundu vinundu, kama lipu ya fundi aliyelewa. Kwetu karakana mwanafunzi akileta kazi ya namna ile namrudisha aanze upya. Nikasema mwanangu hasimami mbele ya watahini na kitu hiki.

Nikautoa juani. Nta ikalainika. Nikachomoa kitambaa changu, kipande cha shati langu la zamani, nimekishika miaka mingi kuliko nilivyokaa na marehemu mke wangu. Nikasugua kwa urefu, kichwani hadi mkiani, bila pupa. Vinundu vikalala kimoja baada ya kingine. Kufika saa tisa naona kivuli cha uso wangu mwenyewe mle. Mikono yangu bado ni ile ile!

Nimeuvalisha mfuko wake na kuufunga zipu. Sijamwambia mtu. Nataka ashangae mwenyewe.

Ijumaa, 7 Machi

Ameanguka. Mara tatu. Wimbi la kwanza mguu wa nyuma umechomoka, la pili vile vile, la tatu ubao umegeuka ukampiga kidevuni. Nyuzi nne.

Nilimshika mkono kwenye zahanati. Anasema aliuona unang'aa alipoutoa mfukoni, akadhani ni unyevunyevu tu, na jina lake lilikuwa limeshaitwa. Ilikuwa kama kusimama juu ya sabuni, Baba. Sikuelewa. Nikamwambia ni wasiwasi, mama, hata mimi siku ya mtihani wangu wa ufundi nilitetemeka.

Watahini wamempa nafasi ya pili, Jumatatu ya tarehe 17. Ya mwisho.

Jumamosi, 8 Machi

Nimeelewa. Mungu wangu.

Asubuhi Mama Mbao aliulaza ubao mezani, akapitisha kidole juu yake. Kidole kikateleza moja kwa moja hadi mwisho. Akanusa. Akamuuliza Kinyozi amepaka nini hapa. Kinyozi akaeleza, na kila neno lilinichoma. Nta ya huku si ya kung'arisha. Ni ya kushikia. Unapaka ya chini, ngumu, halafu ya juu, laini, kwa miduara midogo, hukandamizi, mpaka vitoke vinundu. Vinundu ndivyo vinavyokamata unyayo. Anasema ule ubao aliufanyia kazi saa nzima kwa sababu ya mtihani. Nilivipandisha kimoja kimoja, Mama, nakuapia.

Na mimi nikavilaza kimoja kimoja. Kwa kitambaa kilichonywa mafuta ya polishi tangu enzi na enzi.

Hakuna aliyenitazama. Mzee wa daftari hagusi mbao, kila mtu anajua hivyo. Nafasi ya kusema ilikuwepo, ndefu kabisa, mpaka feni niliisikia inavyokwaruza. Nikainama nikaandika: namba 12 umerudi. Hakuna ubao uliokuwa umerudi.

Jumapili, 9 Machi

Mwanangu anakunywa uji kwa mrija. Ameniuliza mbona mimi ndiye nisiyekula.

Jumanne, 11 Machi

Kinyozi ameambiwa akapumzike nyumbani mpaka atakapoitwa. Wote tunajua hataitwa. Hakubisha. Alikusanya kichana chake cha kukwangulia nta, redio yake na kandambili zake, akapita kwenye stuli yangu akanipa mkono. Akasema, "Mzee, angalau wewe hukuniangalia kwa jicho baya."

Nikamshika mkono. Nikamwambia Mungu yupo.

Mimi! Nikamwambia Mungu yupo.

Jumatano, 12 Machi

Leo nitasema. Nimeshapanga maneno. Kwanza Mama Mbao, kisha mwanangu, kisha kwa Kinyozi nyumbani.

(Jioni.) Sikusema. Mama Mbao alikuwa na wageni. Uongo — wageni waliondoka saa nne.

Ijumaa, 14 Machi

Nyuzi zimetolewa. Kovu si kubwa, lipo chini ya kidevu. Anacheka tena, kwa upande mmoja.

Nimekwenda kumtafuta Kinyozi. Amerudia kazi yake ya zamani. Amepata kiti kwenye saluni ya shemeji yake, kile cha mwisho kabisa, karibu na ndoo ya maji machafu. Nilikwenda kukiri. Aliponiona akafurahi, akafuta kiti kwa mkono wake, akanikalisha. Leo bure, Mzee, ndevu hizo zinakuzeesha.

Akanipaka povu. Akanilaza kichwa. Wembe ukiwa shingoni akaniuliza, polepole, kama mtu anayejiuliza mwenyewe.

"Wewe ulikuwepo Alhamisi ile. Hukumwona mtu yeyote akigusa ule ubao?"

"Labda nilikuwa nimesinzia," nikasema.

"Basi," akasema. "Maana nimeanza kujitilia shaka. Mke wangu naye ananiuliza, una hakika? Nimefika mahali sina hakika."

Mtu mzima nimemfanya asiiamini mikono yake mwenyewe. Mimi niliyevunjika moyo siku ile karakana waliponiambia mikono yangu haihitajiki tena. Nilijua kabisa panapouma, na nikamuumiza pale pale. Amenyoa vizuri. Hajanikata hata kidogo. Nimetoka pale nauonea aibu hata ulaini wa mashavu yangu.

Jumamosi, 15 Machi

Nimejipangia hivi: nitasema Jumatatu, akishapita mtihani. Nikisema sasa nitamvuruga. Ni kwa ajili yake.

Nimeisoma tena hiyo mistari. Ni kwa ajili yangu.

Jumapili, 16 Machi

Naandika nyuma ya nyumba, kibarazani, kwa penseli yangu ya useremala. Ubao uko mbele yangu juu ya viti viwili.

Baada ya chakula mwanangu amekuja nao, na vipande viwili vya nta vipya, bado kwenye karatasi. Ameukwangua wote jana, akaupangusa mpaka ukabaki mweupe. Anasema hamwamini mtu yeyote kule bandani tena. Anataka nta ya kesho niipake mimi.

Nikasema mimi sijui kazi hii. Akasema, "Nitakufundisha, Baba. Wewe una mikono isiyo na haraka. Ningekupa wewe tangu mwanzo, yote haya yasingetokea."

Nilitazama miguu yangu.

Tumekaa hapo karibu saa nzima. Alinishika kiganja kama mimi nilivyomshika nilipomfundisha kuandika. Miduara midogo. Usikandamize, Baba, uko kama unataka kutoboa. Nilianza na ya chini, nikaja na ya juu. Mwanzo hapakuonekana kitu. Halafu vikaanza kutokea chini ya mkono wangu, vidogo, kama kuku aliyenyonyolewa. Akapitisha unyayo wake juu, ukashika. Akatabasamu kwa ule upande wake mmoja.

Kinyozi alikuwa fundi. Nimejua leo kwa vidole vyangu mwenyewe alikuwa fundi wa kiwango gani.

Nikamuuliza, kwa kuzungukazunguka, je, kama si Kinyozi? Akasema alishamwendea Kinyozi juzi na akamwambia usoni kwamba hatamsamehe. Anasema Kinyozi hakujitetea, alisema tu labda ni kweli. Hilo ndilo linalomsumbua, anasema. Mwenye kosa angepiga kelele.

Nimefungua mdomo. Nakula kiapo nimeufungua. Kilichotoka: mkiani bado kuna mchanga.

Akauona. Akasema anahitaji kitambaa kikavu cha kupangusia. Nikamwambia atazame kwenye droo yangu, ya juu.

Sasa hivi yuko ndani. Nyumba hii ina vitambaa jikoni, vingine vipo kwenye kamba ya nguo hapa hapa nyuma yangu, vitatu, vikavu. Droo yangu ya juu ina kitu kimoja tu, kile kipande cha shati langu. Nta ya siku ile, ya rangi ya waridi, imeganda juu yake kama sukari ya keki, na mpaka leo inanuka pipi na polishi. Sijui kama nilisahau. Sijui kama sikusahau.

Nasikia droo inavutwa. Inakwama katikati, huwa inakwama, miaka yote naahidi kuipiga msasa.

Imefunguka.

Kimya. Kirefu kuliko cha kuchukua kitambaa.

Ningeweza kuita jina lake sasa, kabla hajafika mlangoni. Ingekuwa bado mimi ndiye niliyesema. Badala yake naandika. Kandambili zake zimeanza kutembea, zimesimama, zinatembea tena. Ameshafika kizingitini na ameshika kile kitambaa kwa mikono miwili, na ananiita Baba, lakini kwa kuuliza