Kisigino cha Kushoto

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo, ingawa najua hupendi nikikuamkia kama mzee wa baraza. Wewe na wifi hamjambo? Watoto nao? Yule wa pili bado anagoma kuoga, au siku hizi amestaarabika? Mwambie shangazi yake naye alikuwa hivyo hivyo, na leo ni mtu mzima anayenukia sabuni. Sisi huku hatujambo kwa jumla. Mama macho yanamsumbua kidogo, ila mdomo uko salama, na kila anayepita mlangoni analijua hilo.

Najua unajiuliza barua ya nini na simu ipo. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu nikitaja tu neno Baba, hapo hapo lifti inakwama mahali na watu wamefungiwa ndani wanakusubiri. Ndugu yangu, ufundi wako naujua na kazi yako naiheshimu, lakini lifti za mji mzima haziwezi kukwama kwa wingi huo. Barua haina kitufe cha kukatia. Basi kaa kitako, usome mpaka mwisho, halafu kama ni kukasirika ukasirike.

Mimi bado niko pale pale kwenye kiwanja cha gofu, namsaidia Baba kufundisha. Asubuhi nina akina mama na watoto wa shule, jioni yeye anawachukua wakubwa wakitoka kazini. Mikeka ya kupigia mipira imechakaa, benchi la mbao bado linachana suruali za watu, na wavu wa mwisho una tundu ambalo kila mwaka tunaahidiwa litazibwa. Wageni wanaotoka klabu nyingine bado wanawatambua wanafunzi wa Baba kwa mbali kabla ya kuona nyuso zao. Unaijua mwenyewe ile alama. Fimbo ikishuka, mwili unabaki nyuma kwenye mguu wa kulia, kisigino cha kushoto kinanyanyuka kidogo, halafu mikono inachapa kama mtu anayekung'uta mkeka. Wanauita mtindo wa Mwalimu, nasi tumekua tukijivunia.

Sasa, kwenye chuo cha michezo ng'ambo ya barabara amehamia mtaalamu wa viungo, mama mmoja mtaratibu mwenye sauti ndogo. Alituma ujumbe kwamba anachunguza namna wachezaji wa gofu wanavyotumia miguu, na anaomba watu wa kupima. Wenzangu wengi walikwenda, mimi nikaenda wa mwisho, tena kwa kuvutwa. Chumba chenyewe kilikuwa stoo ya magodoro ya mazoezi, na harufu ya magodoro haijatoka. Ukutani ametundika wavu, na sakafuni ameweka mabamba mawili ya chuma yaliyounganishwa na kompyuta. Kila mguu unasimama kwenye bamba lake. Mizani ya kawaida inakuambia uzito tu, lakini mabamba haya yanasoma pia unavyosukuma mbele, nyuma na pembeni.

Nilipiga mpira mmoja, wa pili, wa tatu. Yeye akaangalia kioo cha kompyuta, akaniita nione, akanieleza kwa subira. Alisema sisi wachezaji tunadhani nguvu inatoka mikononi kwa sababu mikono ndiyo tunayoiona. Kumbe inaanzia chini. Ukiikanyaga ardhi, ardhi nayo inakusukuma kwa kiasi kile kile ulichoikanyaga. Mguu mmoja ukisukuma kwenda mbele na mwingine kwenda nyuma, mwili unageuzwa. Nyonga zinatangulia, kiwiliwili kinafuata, kisha mabega na mikono, na fimbo inafika mwisho ikiwa imebeba kasi ya wote waliotangulia. Kabla tu ya mpira kuguswa, mtu anayepiga kwa kulia anatakiwa awe ameshahamia mguu wa kushoto, na anaukandamiza kwa nguvu inayozidi uzito wake mwenyewe, goti likinyooka kana kwamba anataka kuruka. Akanionyesha michoro ya wachezaji wa kwingine, mstari wa mguu wa kushoto unapanda kama mlima. Wangu ulikuwa tambarare, mtu angeweza kulima.

Ndipo akaniuliza, kwa ile sauti yake ndogo, mwalimu wangu aliumia mguu wa kushoto lini.

Kaka, unanijua nilivyo. Nilimjibu kwamba mwalimu wangu ni baba yangu mzazi, hana mguu mbovu wala mkono mbovu, na alikuwa akifundisha watu gofu wakati yeye bado anafundishwa kufunga vifungo. Hakukasirika. Aliomba radhi, akaanza kukunja nyaya zake, halafu akasema kwamba hakumaanisha ubaya. Alikuwa amewapima watu wengi wa klabu yetu, warefu na wafupi, wanene na wembamba, na wote walikuwa wanauhurumia mguu ule ule kwa namna ile ile. Alisema miili tofauti haikosei sawasawa hivyo, labda iwe imeiga mwili mmoja. Nilitoka bila kuaga, lakini neno lilikuwa limeshaingia.

Nikaenda moja kwa moja kwa Mama jikoni. Nilimuuliza kijuujuu, kama mtu anayeuliza chumvi iko wapi. Mama akaacha kisu. Akaniuliza nani kaniambia. Alipoona sitoki ndipo akasimulia. Kabla hatujazaliwa, Baba alianguka na pikipiki, nyonga ya kushoto ikavunjika, ikaungwa vibaya. Klabu ilikuwa inatafuta mwalimu, na nani angemwajiri kiwete afundishe watu kusimama? Akajizoeza kutembea polepole, bega moja juu, ili watu wadhani ni maringo. Unakumbuka tulivyokuwa tunamfuata nyuma uani tukiiga ule mwendo, wewe mbele mimi nyuma, tukajiona wakubwa? Mama alisema alikuwa akituangalia dirishani akitamani kutukataza, lakini angetukataza kwa kisingizio gani. Na Baba mwenyewe, alivyozidi kuficha, mwisho alisahau kwamba anaficha. Mwili ulishajifunza kuukwepa mguu, naye akaamini kwamba huko kukwepa ndiyo gofu yenyewe.

Hapa nakuja kwako, na nakuomba usiifunge barua.

Ulikuwa ukisema mgongo unauma. Ulisema nyumbani, ukasema kiwanjani, na kila ukisema Baba anajibu kwamba mgongo wa mvivu hauna daktari. Halafu siku ile ya mashindano ya wanachama, mpira wako ulipokwenda kichakani mara ya ngapi sijui, akasema mbele ya watu wote kwamba Mungu alikupa mwili mkubwa akasahau kukutilia bidii. Nilikuwa nimesimama karibu na benchi. Nilikuona ulivyoiweka fimbo chini taratibu, kama mtu anayelaza mtoto, ukaondoka. Mwaka haukuisha ukawa umehama mji.

Nilirudi kwa yule mtaalamu, safari hii kwa adabu, nikamweleza kuhusu mtu mrefu, mzito, mwenye nguvu, aliyefundishwa mtindo wetu. Hakunisubiri nimalize. Alisema mtu mdogo mwenye viungo laini kama mimi anaweza kuponea kwenye mikono. Lakini mwili mkubwa ukishaanza kuzunguka lazima kitu kiupokee, na kitu hicho ni mguu wa kushoto. Usipopokea mguu, unapokea mgongo: kiuno kinageuza na kufunga breki kwa wakati mmoja. Alisema mtu huyo kama angekuja kumwambia hana maumivu, asingemwamini. Nililia pale pale, kaka, juu ya mabamba yake ya chuma, na nadhani yalisoma na hilo. Miaka yote hiyo ulikuwa unasema kweli, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliocheka.

Nikampeleka Baba. Sikumwambia sababu, nilimwambia tu kwamba chuo kinataka kumheshimu kama mwalimu mkongwe, akavaa shati lake la shughuli. Alipanda mabamba, akapiga vizuri tu, ukizingatia umri. Mtaalamu akapanga michoro kwenye kioo, wa Baba na yetu, bila majina, ingawa mimi alikuwa ameshanionyesha upi ni wa nani. Baba aliutambua wake mara moja. Akauliza huu mwingine wa nani, nikasema wangu. Na huu? Wa fulani. Na huu je? Wa fulani. Aliuliza mpaka ikaisha. Alikaa kwenye kiti cha plastiki, mikono magotini, na mtaalamu akatoka akatuachia chumba. Kisha akacheka kidogo, akasema kumbe alifungua shule ya kuchechemea.

Tulipofika getini akasimama, akaniuliza siku hizi una kilo ngapi. Nikamwambia sijawahi kukupima. Akauliza kama mgongo bado unauma. Nikamwambia ukweli, kwamba kazini unafunga mkanda kiunoni. Akaitikia kwa kichwa, akaingia ndani, na chakula hakula.

Wiki iliyofuata aliwakusanya wanafunzi wake wote kiwanjani. Sijawahi kumwona Baba akijieleza kwa mtu, wewe pia hujamwona. Aliwaambia habari ya pikipiki, akawaambia aliificha ili apate kazi, akawaambia wateremshe visigino na wajifunze upya, na kama yeye hawezi kuwaonyesha basi mimi nitawaonyesha. Yule mzee daktari wa meno akasema kwa umri wake habadilishi kitu, ni afadhali aendelee kuchechemea na watu anaowajua. Watu walicheka sana. Baba hakucheka.

Mimi naendelea kujifunza upya. Nakanyaga kwa mguu wa kushoto na mpira unakwenda barabarani, watu wananitukana. Kuna siku najisikia kama namsaliti, maana hatukumwiga kwa ujinga, tulimwiga kwa kuwa tulimpenda. Wewe ulimpenda kuliko sote, ndiyo maana ulipiga vile mpaka mgongo ukakushinda. Hilo ndilo linaloniuma kuliko michoro yote.

Sasa sikiliza. Ile nyonga imekwisha. Madaktari wanataka kumwekea nyingine ya bandia, na wamesema akizidi kukawia atakuja kushindwa kusimama kabisa. Siku ya kwanza alipangiwa akasingizia mafua. Ya pili akasema ana darasa. Mama alimbembeleza, majirani walimbembeleza, jiwe. Juzi nilichoka, hasira zikanipanda, nikamwambia umepiga simu. Nikamwambia umeomba likizo kazini na unakuja kumpeleka hospitali mwenyewe, na utakaa naye mpaka atembee. Kaka, sikukuuliza. Nilitunga yote nikiwa nimesimama na sahani mkononi, na nikaongeza kwamba ulisema wifi anakutayarishia nguo. Baba aliniangalia, akaomba miwani, akaandika sahihi yake kwenye karatasi za hospitali pale pale.

Nimesema uongo, na nimeusema kwa jina lako. Anaingia Jumatatu ya mwisho wa mwezi huu. Usipokuja itanibidi nimwambie kweli, na najua hatapanda kitanda kile. Sikuombi umsamehe. Hilo ni lako, sina haki ya kulipangia siku. Ninakuomba tu uje unifanyie uongo wangu uwe kweli, halafu ukitaka kunichapa nipo.

Msalimie wifi, umwambie ile habari ya nguo haitakuwa uongo akianza kuzipanga leo. Wabusu watoto. Mama anakusalimu sana, anasema njoo na mashati yenye vifungo vilivyokatika, ataomba miwani ya jirani avishone. Daktari wa meno naye anakusalimu, na wenzetu wote wa kiwanjani.

Baba hajanituma salamu. Ila tangu juzi, kila asubuhi, anafungulia maji bafuni na haogi. Mama alisimama nje ya mlango akasikiliza, kisha akanivuta nami nikasikiliza. Anafanya mazoezi ya kukuomba radhi. Anaanza na jina lako, lile alilokupa mwenyewe ulipozaliwa, anakwama, anakohoa, anaanza tena. Mpaka leo hajavuka hapo kwenye jina. Ukija, kaka, huenda siku hiyo pia asivuke. Akikuita tu akanyamaza, wewe itika.

Mdogo wako akupendaye,
Sisimizi