Mashine Sita Ndani ya Seva ya Ngao

Jumatatu, 4 Novemba
Saa mbili asubuhi. Nimekagua seva tatu za kliniki zetu kutoka hapa Garsen, kama kawaida. Hola sawa. Garsen sawa. Ngao inahema. Mashine pepe zote sita, kompyuta za programu zinazoishi ndani ya seva, zimerundikwa humo! Mimi niliacha mbili kila seva. Nimempigia bosi, Mombasa. Amezihamisha yeye Jumamosi, ili Hola na Garsen zibaki tupu, awaonyeshe wageni wake zilivyo na nafasi. Hakuniambia.

Jumanne, 5 Novemba
Nimejaribu kuzirudisha. Mfumo umenikatalia. Bosi kaniondolea ruhusa! Rejista ya wajawazito wa kliniki zote imo humo, na nakala yake ya akiba humo humo. Mto unajaa, na seva ya Ngao iko kliniki, ukingoni. Nimemwandikia mara nne. Mjinga.

Jumatano, 6 Novemba
Nimemwandikia tena. Namchukia.

Alhamisi, 7 Novemba
Saa nne asubuhi Dada Hadija, mkunga wa Ngao, amepiga simu. Maji yameingia kliniki. Nimempigia bosi mpaka akashika. Nikamfokea, mimi niliyelelewa kutomfokea mkubwa. Ruhusa ikarudi. Nikahamisha moja moja, mtandao ukijikokota. Tano zimetoka salama. Ya sita, rejista ya wajawazito, imefika nusu, stima ya Ngao ikakatika. Imebaki kule.
Nikamwambia Hadija achomoe nyaya, aibebe seva.
"Mimi ni mkunga, si fundi."
"Ibebe kama mtoto, dada."
Kaibeba. Maji yalimfika magotini.

Ijumaa, 8 Novemba
Bosi ametuma ripoti kwa wakubwa. Eti yeye ndiye aliyeokoa mfumo. Nimejibu mbele ya wote, nikaambatisha kumbukumbu za mfumo: nani alihamisha nini, saa ngapi. Wanifute kazi wakitaka.

Jumapili, 10 Novemba
Hadija ameileta seva mwenyewe, kwa boti kisha bodaboda, imefungwa kwenye leso. Imewaka. Rejista ipo, majina yote. Amevuta kiti, akatafuta mama mmoja wa kijiji cha Golbanti, mwenye mapacha, siku zake zimetimia. Akapata namba, akapiga. Mama amepokea. Hajambo, yuko kwa dada yake, pakavu.
Nimegawa mashine: tatu Hola, tatu hapa. Hadija amesinzia kitini. Nimepunguza sauti ya redio.