Nilisikiliza Pampu, Si Moyo

Wodi ya Moyo, Kitanda cha 6
Jumanne, tarehe 9

Mpendwa Shangazi,

Ndiyo, niliyeolewa naye ni huyo huyo fundi cherehani uliyemuulizia, na kila siku nampenda upya. Hujambo lakini? Goti limepungua kuuma? Mimi mzima, mume wangu nusunusu, na akili yangu imevurugika kabisa.

Unajua ana pampu kifuani inayousaidia moyo kusukuma damu. Suti ya harusi aliishona mwenyewe, mifuko ya betri zake kwa ndani, wala hakuna mgeni aliyegundua. Niambie, mume gani mwingine anaweza hayo?

Jumamosi alishikwa na kizunguzungu. Mkononi mwake huwa sipati mapigo, maana pampu husukuma damu mfululizo. Basi nikaweka sikio kifuani, nikasikia mvumo ule ule. Nikamfunika shuka, nikajiona mke hodari.

Kesho yake tulikwenda hospitali kwa miguu, akinitania njia nzima. Daktari akatazama kipimo cha moyo, akashangaa kumwona amesimama. Moyo ulikuwa ukitetemeka ovyo tangu jana yake, pampu peke yake ndiyo iliyombeba.

"Mimi nilidhani ni mapenzi," mume wangu akamwambia. Nilicheka huku nalia.

Walimlaza usingizi kwa dawa, wakampiga mshtuko wa umeme, moyo ukatulia. Jana ukaanza tena. Wakampa dripu, wakapunguza kasi ya pampu, eti ikivuta kupita kiasi huuchokoza moyo wenyewe. Sasa Alhamisi wanataka kupitisha waya mwembamba kwenye mshipa wa paja hadi moyoni, wachome pale panapoanzisha fujo.

Mama mkwe hataki. "Mtu anakula, anacheka, mnamchoma nini?" Daktari anasema pampu inabeba upande mmoja tu wa moyo, wa pili ukichoka, itakosa damu ya kusukuma. Nikimsikiliza huyu naona sawa, nikimsikiliza yule naona sawa. Naye mgonjwa amesema nitakalochagua ndilo atakalotia sahihi.

Shangazi, nimeandika hadi hapa ndipo nimeona: kucheka kwake Jumapili hakukuwa dalili ya uzima. Nitamwambia akubali. Naogopa, lakini nitamwambia.

Nisalimie mjomba na mapacha. Mungu awalinde, nanyi mtuombee.

Kabla mwezi huu haujaisha tutakuja kwako, mimi na yeye. Tutandikie kitanda karibu na soketi. Akilala, mashine yake huchomekwa ukutani.

Mwanao anayekupenda sana,
Bibi harusi wa miezi miwili