Leseni Imekataa Kompyuta ya Joram

Sheryl,

Omena nimeosha, wewe ukaange tu. Anua nguo kabla mvua haijaanza.

Asubuhi nilikufokea bure. Fundi alibadilisha ile bodi iliyoungua, kompyuta ikawaka, lakini mfumo ukakataa leseni. Eti hii ni mashine nyingine. Sasa inataka neno la siri la Joram, na ndugu yako alienda nalo kaburini. Aliiunda hapa mezani, kifaa kwa kifaa. Halafu wewe ukasema, "Mama, si tuweke mfumo mpya tu?" Iliniuma kama kumzika mara ya pili.

Naenda Bondo kumuuliza rafiki yake wa chuo. Asipojua nitakupigia, uweke huo mpya. Ikiuliza jina la mwenye mashine, ~~andika lako~~ andika Joram.

Mama